Mgeni Mla Nyama wa Mama Alka

"Mama Alka! Mama Alka! Kuko nyama mu bustani yako!"

Alka alitoka mbio, mwiko mkononi. Tangu yeye na mumewe Mansukh wanunue nyumba hiyo ya Edmonton, huku Ulaya, nyama haikuwahi kuvuka kizingiti, hata yai. Alijua tu ni mbweha wa mtaani, katupa tena mifupa ya kuku.

Jirani yake Émilienne alikuwa amesimama juu ya ndoo upande wa pili wa uzio, bado amevaa sare yake ya kazi ya kutunza wazee.

"Nyama ipi? Iko wapi?"

"Pale, kwenye majani. Inatembea!"

Ndipo Alka alipokumbuka. Kwa watu wa Bukavu kama Émilienne, mnyama huitwa nyama, awe mzima au awe chunguni. Huyu alikuwa mzima, ingawa kwa taabu. Alikuwa kalunguyeye. Alitoka chini ya lundo la majani makavu ambalo Mansukh aliambiwa alizoe tangu vuli, naye kila siku akasema kesho. Baridi yote mnyama alikuwa amelala humo. Sasa Aprili imemwamsha, ngozi ya miiba imemlegea kama koti la kuazima, anayumba akinusanusa hewa.

"Maskini, kakonda," alisema Alka. "Ngoja."

Kwao Mwanza, alikozaliwa, kiumbe mwenye njaa hupewa maziwa. Akayapasha moto, akayamimina kwenye kisahani. Kalunguyeye alikunywa mpaka tone la mwisho, na Alka akaingia ndani na moyo mweupe.

Asubuhi walimkuta amejinyoosha juani, hajiwezi, na vinyesi vya kijani vimetapakaa kwenye vigae. Mansukh alipiga simu kwa mama mmoja anayeokoa wanyama wa porini, akasikiliza, akakata simu na kumtazama mkewe kwa huruma.

"Maziwa yanamharibia tumbo. Tumweke kwenye boksi na chupa ya maji moto hadi jioni. Halafu apewe maji ya kawaida. Anaamka na kiu kubwa."

"Na chakula?"

Mansukh alikohoa. "Cha paka. Cha kopo." Akakohoa tena. "Cha nyama."

Mwanzoni Émilienne ndiye aliyempa, akiinama juu ya uzio na kijiko. Lakini dada yake wa Barking akajifungua, na Émilienne akaomba likizo aende kumkanda. Alikuja na mfuko wa makopo.

"Mama, sasa ni wewe."

"Mimi? Mwanangu, hapana. Siwezi hata kuigusa."

"Basi kanyama katalala njaa," alisema Émilienne kwa upole, akauacha mfuko kwenye vigae, akaenda zake.

Jua lilipozama Alka alivaa glavu za kuoshea vyombo, akajifunga mtandio puani, akasimama mbali kadiri mkono ulivyofika. Kopo lilipofunguka alifumba macho. Akamwomba Mungu radhi kwa Kigujarati. Kisha, kwa kuwa Kigujarati hakikutosha, akaomba na kwa Kiswahili. Kalunguyeye alifika akikoroma, akatumbukiza pua, akala kwa kelele kama mtoto asiyefundishwa adabu. Alka aliteremsha mtandio bila kujua. Akaketi kwenye kigoda.

"Kula, mama," alimwambia. "Kula upate nguvu."

Kila jioni alimkuta amejaa kidogo zaidi, hatua zimenyooka, hayumbi tena. Mansukh alianza kulalamika kwamba yeye chapati zake zinakuja zimepoa.

Émilienne alirudi mwezi Mei. Jioni hiyo hiyo walisikia mlio kwenye tuta la methi, ile mboga ya uwatu, fu-fu-fu, kama mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo mlimani. Kumbe kalunguyeye sasa walikuwa wawili. Yule wao, kumbe jike, alikuwa amesimama katikati, miiba juu, na dume mgeni anamzunguka na kumzunguka, methi yote imelala chini kwa duara.

Émilienne alishika mdomo asicheke. "Huyu bwana anataka nini?"

"Anaposa."

"Na yeye anajibu nini?"

Jike alipumua kwa hasira, akampa mgeni mgongo.

"Anasema arudi kesho," alisema Alka.

Mansukh alitokea mlangoni. "Alka, methi yetu!"

"Shh! Utawakatiza!"

Akarudi ndani. Baada ya muda akaja na vikombe vitatu vya chai, akamsogezea Émilienne kimoja juu ya uzio, akasimama karibu na mkewe. Dume hakuchoka, na jike hakukubali, na hakuna kati yao watatu aliyekumbuka kuingia ndani mpaka chai ikapoa.