Helikopta Isiyoumwa

Wiki ile Sifaeli aliifungua helikopta yake kila jioni, na kila jioni hakuona kitu.

Aliitandaza juu ya meza ya kulia, kwenye kitenge chakavu cha mkewe Catherine, mapanga yake ya kuzunguka upande huu, skrubu upande ule ndani ya kifuniko cha chupa ya chai. Haikuwa helikopta ya kubeba mtu. Ilikuwa ya mchezo wa watu wazima, ndefu kama mkono kutoka begani hadi kwenye vidole, ya kurushwa kwa rimoti yenye vijiti viwili vinavyosukumwa kwa vidole gumba. Aliuziwa na daktari mmoja Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao, na tangu hapo Jumamosi zake zote ziliishia angani. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine za kiwanda cha nguo, kabla hajastaafu na kutulia Kimandolu. Mashine ikiwa na kasoro, kwake ilikuwa kama mtoto anayelia chumba cha pili. Hakuweza kutulia.

Na hii ilikuwa na kasoro. Ikisimama angani inatetemeka, si sana, kama mtu anayeanza homa. Alibadilisha beringi. Aliyaweka mapanga juu ya sindano aone upande upi mzito. Alibadilisha vimota vinavyoyainamisha, akapaka gundi kwenye kila skrubu, maana mtetemo hulegeza skrubu zisizo na gundi. Akarusha tena, ikatetemeka vilevile.

Muda nao ulikuwa unamkimbia. Jumapili ilikuwa sikukuu ya Mikaeli na Watoto, siku ambayo ibada yote huachiwa watoto, wasome, waimbe, wahubiri. Mchungaji alikuwa amemwomba helikopta ishuke uwanjani baada ya ibada ikiwa imevishwa mabawa ya kitambaa cheupe, iwe malaika Mikaeli, na Sifaeli alikubali mchungaji hajamaliza kusema. Watoto wangekaa chini kuuzunguka uwanja. Mjukuu wake Hanna, mtoto wa binti yake Nice, angekuwa mstari wa mbele, maana ndiye angesoma somo la malaika.

Ukali wa mapanga yale aliujua. Rafiki yake Lesian aliwahi kuiazima helikopta akaiingiza kwenye mgomba mchanga, mapanga yakavunjika, lakini mgomba nao ukalala chini. Kila Sifaeli alipoukumbuka mgomba ule aliinuka na kushika bisibisi.

Jumamosi mchana wakakutana kwenye kiwanja chao, shamba lililokwisha kuvunwa mahindi nyuma ya nyumba mpya za Njiro. Lesian alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, fundi umeme wa magari, mwenye ng'ombe wachache na helikopta iliyojaa viraka. Sifaeli alikuwa Mmeru wa mashariki, na utani wao ulikuwa wa miaka. Lesian alitaka kujua Wameru wametoka lini kwenye migomba wakapanda angani, na Sifaeli akamjibu kwamba afadhali anayepanda mgomba kuliko anayeukata. Tangu siku ya mgomba, Sifaeli hakuwahi kumpa tena rimoti yake.

Akairusha. Ikapanda hadi usawa wa mapaa, ikasimama, ikaanza kutetemeka.

"Unaiona?" Sifaeli aliuliza. "Nimefungua kila kitu. Kila kitu."

Lesian aliitazama kwa muda. Kisha akaitazama rimoti.

"Hebu nipe, Baba Nice."

Angekataa. Lakini kesho ilikuwa kesho, akaishusha, akampa. Lesian akaipandisha, na helikopta ikasimama mbele ya mlima kama taa iliyoning'inizwa darini. Haikutikisika hata kidogo. Sifaeli alisema upepo umetulia. Lesian akasubiri upepo urudi, vumbi likainuka, na helikopta bado imetulia pale pale. Akaishusha na kurudisha rimoti. Sifaeli akarusha yeye. Ikatetemeka.

Hapo ndipo alipokitazama kidole chake. Kilikuwa kinacheza juu ya kijiti, polepole, bila yeye kukituma.

Alimgeukia Lesian akisubiri utani. Mtu huyu aliyeweza kutania hata msibani alikuwa anakunja kamba ya kufungia helikopta yake, macho chini. Hilo lilimuuma Sifaeli kuliko kidole.

"Kesho itakuwaje?" Lesian aliuliza.

"Kesho narusha mwenyewe. Mashine hii ina kitu, na nitakiona."

Jioni ile akaifungua tena. Aligusa hata mkia, ambao haukuwa na neno. Akalegeza, akakaza, akalegeza. Alilala vibaya, akageuka hadi Catherine akamwuliza kama anaumwa, naye akasema hapana.

Asubuhi Catherine akamwekea chai. Sifaeli alikitazama kikombe kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Kilikuwa nusu. Akakumbuka kwamba na cha jana kilikuwa nusu, na cha juzi, na kwamba mkewe huja kukiongeza kabla hajaomba.

"Mama Nice. Umeanza lini kunimiminia nusu?"

Catherine aliiweka chupa ya chai mezani. "Tangu Pasaka. Ulimwaga kwenye shati jeupe, ukasema kikombe kina ufa."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa namwambia Mungu. Nilidhani na wewe unajua, hutaki tu kusema."

Sifaeli alikunywa chai yake, akavaa koti, akachukua helikopta.

Hanna alisoma somo lake bila kukwama hata neno moja. Baada ya ibada watoto walitoka mbio, wakakaa kuuzunguka uwanja nyuma ya kamba, na kamba yenyewe ilianza kusogea mbele kila walipoiegemea. Mchungaji akatangaza kwamba sasa Mzee Sifaeli atatuonyesha jambo. Sifaeli akasimama katikati na rimoti yake. Mapanga yalianza kuzunguka, nyasi zikalala, watoto wakapiga kelele za furaha, na Hanna akanyanyuka akampungia mkono babu yake, mguu mmoja tayari umeivuka kamba.

Sifaeli akazima. Watu wakadhani imeharibika. Alipita mbele yao wote hadi kwenye ukuta, alikosimama Lesian, aliyekuja na koti lake la harusi ingawa kanisa lake ni Katoliki.

"Rusha wewe," alisema. "Mimi nashika kamba."

Lesian akapokea rimoti. Sifaeli akaenda kwenye kamba, akawarudisha watoto nyuma, Hanna wa kwanza. Malaika akapanda juu ya paa la kanisa, akazunguka msalaba, mabawa yakipepea, akaanza kushuka. Mkono wa Sifaeli ulikuwa mfukoni, vidole vikisukuma vijiti visivyokuwapo, kushoto, kulia, chini, taratibu. Karibu na ardhi mkia ukavuta ghafla kuelekea kwa watoto. Lesian akaurudisha, ukavuta tena, akaurudisha, akaitua mbali na alama ya chokaa ilipotakiwa kutua, mbali na kamba. Watoto walishangilia. Wao hawakuona kitu. Sifaeli aliona. Mkia ule ulikuwa mzima hadi jana jioni, alipoushika yeye.

Lesian alikuja akijifuta jasho. Alimtazama Sifaeli, akamtazama Hanna kwenye kamba, kisha akavuta pumzi.

"Mmeru wewe, mkia umeufunga kama mkungu wa ndizi. Ungeniua."

Utani ulikuwa umemrudia Sifaeli. Alitaka kucheka, alitaka kuketi, alitaka kuifungua helikopta palepale kwenye nyasi.

"Toa bisibisi," alisema.

"Huigusi. Utaniambia wapi, mimi nafungua. Na Mama Nice ameniambia kesho mnakwenda hospitali."

"Amekwambia lini?"

"Mchungaji alipokuwa anatoa matangazo," Lesian alisema, akapiga goti kwenye nyasi. "Haya. Skrubu ipi?"

Sifaeli akainama juu ya helikopta, mkono ukitetemeka waziwazi mbele ya watu, akaonyesha kwa kidole. Lesian akaufuata mkono ule mpaka ulipotua.