Uzito wa Nyumba ya Papa Patrice

Tarehe thelathini na moja Desemba, saa tatu asubuhi, wanachama wa klabu ya mazoezi ya Kabondo walipanga viti vya plastiki uani kwa Félicien. Vyuma vilikuwa vimepanguswa, ingawa vingi havikuwa vyuma bali saruji iliyomwagwa ndani ya makopo ya maziwa. Klabu haina kioo wala mizani. Kila Januari mwanachama anaandika ukutani, kwa makaa, kitu kimoja asichoweza kukinyanyua. Siku ya mwisho ya mwaka anakinyanyua mbele ya wenzake, wanampigia makofi matatu, na hiyo ndiyo bilan yake, hesabu yake ya mwaka.

Ursule, anayeuza mihogo sokoni, alikuwa ameandika magunia mawili. Aliyabeba, akazunguka ua mzima, akayashusha bila kuhema. Januari gunia moja lilimlaza kitandani siku mbili. Alipigiwa makofi, akaketi, akaitazama mikono yake kwa muda mrefu.

Guelord alikuwa ameandika: nyumba ya papa Patrice.

Siku alipoandika, hakuna aliyecheka. Félicien, mwenye klabu, aliuliza jambo moja tu.

"Na vitu vya ndani, ao bila vitu?"

"Na vitu. Na yeye mwenyewe ndani."

"Bon. Tuanze na miguu."

Nyumba hiyo ilikaa juu ya kaburi la Léon, baba yake Guelord. Patrice alikuja mwaka mmoja baada ya mazishi na karatasi yenye mihuri mitatu, iliyosema kwamba parcelle, kiwanja chote, ni yake. Akamtoa mjane, mama Célestine, pamoja na masufuria yake, akajenga. Salon, sebule yake, iliangukia juu ya kaburi lenyewe: televisheni upande wa kichwa, meza ya chakula upande wa miguu. Mama Célestine alihamia chumba cha kupanga upande wa Tshopo, akapeleka mashtaka mahakamani. Kila Jumapili baada ya misa Guelord alimleta kwa toleka, baiskeli yake ya kubebea abiria. Mama alisimama nje ya ua na maua mkononi. Patrice alimwambia kupitia dirishani kwamba leo ana wageni, arudi siku nyingine. Guelord alichungulia kila mara. Hakukuwa na mgeni hata mmoja.

Kwa hiyo alifanya mazoezi. Machi alinyanyua pikipiki na dereva wake. Juni alinyanyua lori la bia lililokwama kwenye matope, na wenye lori walimwomba alielekeze upande wa sokoni. Septemba aliinua kanisa moja dogo kwa upande wa sakristia, ili masista wafagie chini yake, na walifagia bila haraka. Mapaja yake yalipasua suruali tatu. Kila jioni alirudia jina la Patrice kwa kila pumzi, mara hamsini kushuka, mara hamsini kupanda.

Siku ya bilan klabu nzima ilitembea hadi kwa Patrice. Alikuwa mezani, anakunywa supu ya samaki. Guelord alichimba kidogo kando ya msingi, akaingiza vidole, akapiga magoti, akasimama. Nyumba ilitoka ardhini kama jino. Aliiweka mabegani. Makofi matatu yakapigwa.

Njiani baiskeli zilimpisha. Askari wa barabarani alimwonya asikwaruze nyaya za umeme. Patrice alitoa kichwa dirishani.

"Mutoto ya Célestine, tembea polepole. Supu iko inamwangika."

Guelord alirukaruka kidogo, kusudi, na ndani vikombe vilisikika vikivunjika. Huo ulikuwa wakati wake mtamu kuliko nyakati zote za mwaka.

Aliitua nyumba kando ya mto Tshopo, karibu na bwawa, maji yanapounguruma zaidi, ili Patrice asipate usingizi tena maishani. Kisha akamchukua mama yake, akamrudisha kaburini. Mama Célestine aliweka maua mahali pa kichwa, akatandika mkeka, akakaa na mumewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Alikaa hapo siku tatu. Guelord alimletea chakula.

Siku ya nne alikuja karani wa mahakama na faili kwapani. Alizunguka parcelle mara mbili.

"Mama, mashtaka yako yanasema kuna nyumba juu ya kaburi. Nyumba iko wapi?"

"Mwanangu aliibeba."

Karani aliandika hivyo hivyo. "Alors, hakuna nyumba, hakuna mashtaka. Faili inafungwa." Kuhusu karatasi yenye mihuri mitatu, alieleza kwamba yeye hajatumwa kwa ajili hiyo.

Saa moja baadaye Patrice alifika na waashi. Uso wake ulikuwa umenawiri. Alisema kelele za maji zinambembeleza kama mtoto mchanga, na huko friji inaganda vizuri.

"Mutoto ya Léon, umenisaidia sana. Kule niko na hewa ya mto, na hapa niko na nafasi. Sasa nitajenga étage, nyumba ya ghorofa."

Mama Célestine aliombwa asimame. Alikunja mkeka, akasimama. Kufikia adhuhuri zege lilikuwa limemwagwa, na maua yalikuwa chini yake.

Guelord alichuchumaa, akapitisha vidole chini ya ukingo wa zege, akaliinua kidogo. Mwashi alimwomba aliache, bado bichi. Akalirudisha taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali, akamuuliza Patrice nyumba itakuwa na étage ngapi.

"Mbili."

"Weka tatu," alisema Guelord, akaenda kutafuta makaa.