Shemeji Desmond na Jua la Jumatano

Shemeji yangu Desmond alifanya kazi ya bima maisha yake yote, na alipostaafu hakuacha kuogopa. Alibadilisha tu kitu cha kuogopa. Zamani alikuwa akiogopa moto na wezi. Sasa akageukia mawingu. Nyumbani kwake Reading, kusini mwa Uingereza, alitundika ukutani chombo cha shaba cha kupimia hali ya hewa, akawa anakigonga kwa kidole kila asubuhi kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa asiye na ndugu. Simu yake nayo ilikuwa na watabiri wanne, na walipotofautiana alimwamini yule mwenye habari mbaya.

Dada yangu Noreen ndiye aliyeolewa na hazina hiyo.

Sisi ni watu wa Skelby, kijiji kidogo huku kaskazini, ambako mvua si habari. Januari tunaiimbia mitofaa ili izae, Mei tunacheza kuuzunguka mlingoti wa tepe za rangi, kila mchezaji ameshika yake, Septemba tunakula karamu ya mavuno, Novemba tunawasha moto mkubwa na kurusha fataki. Kila mwaka Noreen aliniambia anakuja, na kila mwaka bwana wake alifanya utafiti. Januari kuna barafu barabarani. Mei haiaminiki. Septemba ina upepo. Na Novemba, nani mwenye akili zake hutoka nje Novemba? Wakaishia kwenda Hispania, wakaungua migongo, wakarudi wakilalamika kwamba kulikuwa na jua.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Wasichana tuliocheza mlingoti enzi za shule tulikuwa tumebaki sita, sote mabibi sasa, Noreen akiwemo, na kijiji kilituomba tucheze tena Mei. Mchezo ule hauendi kwa idadi ya witiri: nusu wanazunguka kulia, nusu kushoto, tepe zinasukana kama nywele. Mmoja akikosekana ni vurugu tupu. Nikapiga simu Reading. Akapokea Desmond.

"Shemeji, nimeshaangalia," akasema. "Jumatatu yenu ni mvua. Jumanne manyunyu. Jumatano jua safi, nyuzi kumi na tisa."

"Lakini sherehe ni Jumatatu, shemeji."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Waambie waihamishie Jumatano."

"Jumatatu ndiyo sikukuu, watu hawaendi kazini. Au nimwombe waziri mkuu atusogezee?"

"Huwezi kujua mpaka uulize," akasema, nami nikagundua kwamba hatanii.

Nyuma yake nikamsikia dada akisema, "Desmond, nipe hiyo simu." Sauti yake ikaja karibu. "Mdogo wangu, mimi nakuja na treni. Huyu atakuja na jua lake."

Jumatatu mvua ikanyesha kwa utiifu, kana kwamba Desmond mwenyewe ndiye aliyeiagiza. Kasisi alifungua sherehe kwa kusema haya ni manyunyu tu ya kupita. Sisi Waingereza tukisema hivyo, tafuta mtumbwi. Walitangulia wacheza ngoma wenye kengele miguuni, wanaume wazima na matumbo yao, wakipunga leso nyeupe ambazo muda si mrefu zilikuwa kama matambara ya kupigia deki. Watu wakapiga makofi chini ya miavuli. Kisha zamu yetu ikafika.

Duru ya kwanza tuliimudu. Ya pili, Pauline Stokoe, mwenye goti la chuma, akapotea njia.

"Pauline, kushoto," nikamwambia.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto ni kushoto, bibi wee."

Akampita Noreen upande usio wake, wengine wakamfuata kwa uaminifu, na tepe zikamfunga dada yangu kwenye mlingoti kama mbuzi. Rangi zikachuruzika kwenye gauni lake jeupe, nyekundu na kijani. Alikuwa anacheka, wala hana mkono wa kushika mbavu. Nikamkimbilia nianze kumfungua.

"Usinifungue kwanza," akasema. "Niache hapa kidogo."

Tukamwacha. Mvua ikamnyeshea, naye ameegemea mlingoti, macho ameyafumba.

Jumatano Desmond akawasili. Alivaa kofia ya majani, pua imepakwa mafuta ya jua, kwapani viti viwili vya kukunja. Na jua lilikuwepo, kweli kabisa, halina aibu. Uwanjani kulikuwa na tope na mtu mmoja anayekunja hema. Noreen alikuwa jikoni kwangu, miguu ndani ya beseni la maji moto, mafua yamemjaa.

"Si nilisema?" akaanza Desmond. "Nyuzi kumi na tisa."

"Ulisema."

"Hakuna hata wingu."

"Hata moja."

"Haya, nionyesheni picha."

"Hatuna," nikamwambia. "Mvua ilikuwa kubwa, kila mtu alificha simu yake."

Akavua kofia, akaketi. "Basi nisimulieni."

Noreen akamsimulia. Alipofika pale pa kufungwa mimi nilicheka upya, lakini Desmond hakucheka.

"Nani alikufungua?"

"Mwenye baa ya kijiji."

"Ningekuwepo ningekufungua mimi."

"Ungekuwepo," Noreen akasema, akapenga kamasi.

Desmond alichukua kiti kimoja, akaenda kukaa uwanjani peke yake, akiota lile jua alilolisubiri, mpaka nilipomwita kunywa chai.

Novemba wakaja wote wawili, bila utafiti wowote niliousikia. Ukungu ulikuwa mzito hata ule moto mkubwa ulionekana mdogo kama chungwa, na fataki tulizisikia tu huko juu. Desmond alisimama karibu na mkewe, amembebea mkoba, mkononi ana kiazi cha kuchoma. Fataki moja ikapasuka.

"Hiyo ilikuwa rangi gani?" akauliza.

"Nyekundu, nadhani," akasema Noreen.

"Nzuri sana," akasema Desmond, akakitia kiazi mfukoni ili apate kupiga makofi.