Sauti ya Talha Dirishani

Kila asubuhi muuguzi Gaudens alikuwa anaipata sauti ya mume wangu, mie naambulia mgongo. Ndio utaratibu wa kliniki ya methadoni, dawa ya wanaoacha heroini: ukishakunywa dawa pale dirishani lazima useme neno, ionekane umemeza kweli, hujaificha shavuni ukaiuze nje. Talha alikuwa anasema, "Asante, braza." Nilikuwa namsindikiza kutoka Tandika kwa ajili ya maneno hayo mawili, mwanamke mzima namwonea wivu muuguzi.

Maana Talha aliyenioa alikuwa msemaji. Alikuwa anauza mashati ya mitumba Ubungo, mteja akija kununua moja anaondoka na matatu huku anacheka. Unga ukamchukua miaka minne. Akauacha, miezi mitano hajaugusa, nami nikakaa mkao wa kumsubiri mwanamume wangu arudi. Aliyerudi alikuwa analala kaelekea ukutani, chai inapoa, binti yetu Lulu anamwonyesha daftari naye anatazama kama haoni.

Daktari alisema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na ilikuwemo tangu kabla ya unga, kwa hiyo vyote viwili vitibiwe pamoja. Akamwandikia vidonge, kimoja kila siku baada ya chakula cha jioni. Hapo ndipo nilipoharibu. Kabla ya methadoni Talha alikaa soba, nyumba ya kuachia ulevi, na siku ya kutukabidhi mtu wetu walitupa somo sisi ndugu: aliyeacha hamezi kidonge chochote, mkikiona tupeni, msimwonee haya. Somo lile nililishika kwa mikono miwili. Methadoni sikuiweza, inanywewa mbele ya muuguzi. Vidonge vilikuwa ndani kwangu, nikavitupa chooni vyote, nikajiona mke kwelikweli.

Talha hakuuliza vimekwenda wapi. Nikadhani hakumbuki.

Wiki ya tatu akaanza kukataa chakula. Jumatatu akagoma kwenda kliniki, nikamvuta mkono. Gaudens alipomwona usoni alituingiza chumba cha pembeni, akauliza kama vidonge anavimeza. Talha akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa ananisitiri, na aibu ikanishika.

"Hamezi," nikasema. "Nilivitupa mie."

Gaudens hakunigombeza. Alieleza taratibu kwamba mtu akiachwa peke yake na huzuni ile, ataurudia unga kwa sababu ndio dawa anayoijua, au atajimaliza. Talha alikuwa anatazama sakafu.

"Nilikuona unavitupa," akaniambia. "Nikasema, hata mke wangu Nusaiba kanichoka. Anataka niende zangu."

Miezi mitano nilikuwa namwomba Mungu anirudishie mazungumzo ya mume wangu, na haya ndiyo niliyopewa.

"Sijakuchoka, baba Lulu. Nina hamu nawe. Hata ukiwa umekaa hapo hapo nina hamu nawe."

Gaudens alileta vidonge vipya, akauliza safari hii avitunze nani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtaja mama mkwe. Talha akaichukua ile pakiti, akaigeuzageuza, kisha akautafuta mkoba wangu mapajani na kuitia ndani.