Kibuyu cha Mafuta Mapya

Lori lilipoanza kupanda mlima wa Manga, injini ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, kama mtu aliyefungiwa ndani. Nyamoita akashika kikapu chake. Alijua kilichokuwamo mle.

Bintiye Persis alikuwa katikati ya kiti, uchungu umembana tangu jana huko Magwagwa, mtoto amekataa kutoka. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, Kisii. Mume wa Persis, Onyancha, aliendesha bila kugeuka. Yeye na mama mkwe wake hawakuwahi kusemezana. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya ukwe; maneno yao yote yalipitia kwa Persis. Hata kuketi naye kiti kimoja tu kulikuwa aibu, Nyamoita akajifunika shuka kichwani.

"Mwambie mama asiogope," alisema Onyancha. "Ni hizi tairi za jeshi. Nilizifunga nisikwame matopeni, kumbe kubwa mno. Injini inazisukuma kwa taabu, na petroli inanywewa kama togwa."

"Amekusikia!" Persis alilia. "Nyinyi mtaniua kwa kutumana!"

Moshi ukafuka. Onyancha akasimamisha lori, akaweka mawe nyuma ya tairi, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Kilitoka kimeshika uji mweusi, mzito.

"Haya si niliyonunua! Tukienda hivi vyuma vitasagana, injini itakufa hapa hapa. Na kumbeba kwa machela hadi Kisii... hatafika."

Nyamoita akakikumbatia kikapu. Juzi Onyancha alileta galoni mbili: moja ya mafuta mapya, nyingine ya machafu aliyoyatoa kwenye injini, ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Yale mapya yalikuwa mang'avu kama asali. Nyamoita aliona ni ya mwili, si ya chuma. Akayatia kwenye kibuyu cha kumkandia Persis mgongo, na galoni tupu akaijaza yale meusi. Alfajiri, gizani, Onyancha akayamimina hayo kwenye injini kwa haraka, akidhani ni mapya.

Akisema, atajulikana katika kila boma kuwa mama mkwe aliyevunja chinsoni. Asiposema?

Persis akapiga ukelele mrefu.

"Onyancha, baba," Nyamoita alisema.

Onyancha akaruka kama aliyeguswa na moto.

"Ni mimi. Nilibadilisha. Mapya haya hapa, nimetumia kidogo tu."

Akashuka, akakitoa kibuyu kikapuni, akakiweka kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua kadhaa, kwani kumkabidhi mkononi hakuweza. Onyancha akakitazama, kisha akaingia chini ya lori, akafungua kizibo cha injini. Yale meusi yakatiririka njiani. Akangoja injini ipoe, Nyamoita akihesabu kila kilio, ndipo akamimina mapya.

Injini ikawaka. Kule kugonga kukapungua, kukabaki mnong'ono. Onyancha akachovya kijiti kwenye tangi la petroli. Kililowa urefu wa kidole kimoja.

"Mama," alisema, macho chini. "Mshike vizuri."

Walifika mtelemko wa Kisii injini ikikohoa kwa kukosa petroli, wakaliacha lori lijiteremkie hadi langoni mwa hospitali.

Jua lilipokuwa linazama mtoto wa kike akalia. Nyamoita akatoka kutoa habari, akamkuta Onyancha amechuchumaa kwenye vumbi, spana mkononi, anafungua zile tairi za jeshi alizozifunga mwenyewe.