Mkono wa Margareta

Kosa lilikuwa la Margareta mwenyewe: alipiga kelele. Saa nne asubuhi, uani kwake Gungu, alikuwa anachemsha mawese kwenye pipa lililokatwa nusu. Figa moja likateleza, pipa likalala upande, mafuta yakamwagikia mkono wa kulia kuanzia kiwiko mpaka vidole.

Mtaa ule, mtu akiumia wanaumia wote. Ni kawaida, kama umeme kukatika. Leodgar fundi baiskeli akijigonga nyundo, kila nyumba wanapuliza vidole. Winfrida alipojifungua, wanaume waliokuwa wanacheza bao walilala chini wakashika viuno, mmoja akamwita marehemu mama yake. Ndiyo maana hapakuwa na haja ya kuita mtu. Maumivu yakikufika, unatoka, unakwenda kusaidia. Margareta alikuwa ametoka mara zote.

Safari hii walitoka kwa sababu ya kelele. Kila mmoja akaanza kujikagua mkono.

"Wangu mzima," alisema Winfrida. "Leodgar, wako?"

"Mzima. Hata kuwasha hauwashi."

"Basi haumwi huyu. Wakongo kwa maigizo, hamjambo!"

Margareta akawaonyesha ngozi inavyobanduka. Hawakuiangalia. Hakuna aliyezoea kuangalia.

"Mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, Kasingirima," alisema Margareta. "Winfrida, uchungu wa mwanao ulinikata kiuno mpaka alfajiri."

"Nani alikutuma? Unadandia uchungu wa watu tu. Kaugulie Kalemie kwa babu yako."

Margareta akamgeukia Hamdani wa bodaboda. "Mwanangu, nifikishe hospitali. Vidole havikunji."

Hamdani akakunja vya kwake, vikakunjika vizuri. "Mama, ningekuwa nasikia chochote ningekupeleka bure. Nisikudanganye, sisikii kitu."

Hapo hapo Veneranda, jirani wa ng'ambo ya njia, akakwamwa na mwiba wa samaki, mgebuka. Mtaa mzima ukashika koo. Leodgar akatoa macho. Winfrida akapiga magoti. Margareta naye akakohoa mpaka machozi yakamtoka, mkono ukining'inia, maana mwiba wenyewe ulikuwa mkubwa. Hamdani alishawasha pikipiki. Wakampakia Veneranda, Winfrida akapanda nyuma kumshikilia, wengine wakafuata kwa miguu, wanakohoa pamoja.

Hawajafika barabara kubwa, mwiba ukashuka. Margareta alijua, kwa sababu koo lake lilifunguka ghafla. Akawasikia kule wanacheka na kupeana pole.

Walipogeuza, Veneranda alikataa kupanda tena, akasema atatembea apate hewa. Margareta alikuwa amesimama kando ya njia, mkono ameuviringishia kanga, na kanga imeshaanza kugandana na nyama. Walimpita wakimuuliza Veneranda kama uji utapita. Hamdani alikuwa wa mwisho, anaendesha taratibu, nyuma hakuna abiria.

"Hamdani," alisema Margareta, "kwa kuwa pikipiki imeshawaka, nipeleke basi."

Hamdani akazima pikipiki.