Soksi za Igoki

Kanisa letu la mawe hapa juu ya Manyatta lina mlango wa pili, ule wa upande wa makaburi. Hufunguliwa siku ya ubatizo tu. Mtoto akipewa jina la marehemu, marehemu mwenyewe huingia, hukaa benchi la nyuma, husikia jina lake likiitwa, kisha huenda kulala kabisa. Asiyeitwa hubaki macho chini ya udongo. Sisi tumezoea, ni wageni tu hupiga mayowe.

Jumapili hii ilikuwa zamu ya binti yangu. Kwa desturi yetu, binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, kwa hivyo alikuwa aitwe Igoki, kama marehemu mama mkwe wangu. Na hakutakuwa na wa pili. Nilipojifungua nilitolewa kizazi, na Runji, mume wangu, hana ndugu.

Lakini mimi nina moyo wangu! Miaka saba nilikaa bila mtoto, na huyo Igoki alikuwa anakuja mpaka jikoni kwangu kumwambia Runji, "Tafuta mwingine, huyu ni tasa." Nikiwa hapo hapo, nakoroga uji! Alipougua akaniomba nikizaa binti nimpe jina lake, nilimwitikia ili anywe dawa. Rohoni nilisema, utangoja sana.

Basi mlango ukafunguliwa. Igoki akaingia na kitambaa chake cheupe cha kanisa, udongo kidogo begani, kiondo mkononi. Alicheka mpaka ufizi. Nilimsikia akimwambia jirani yetu Gladys, "Huyo ni wangu."

"Mtoto huyu anaitwa nani?" Kasisi Mbogo akauliza.

"Tamara."

Runji alinigeukia kama nimemchoma. Kasisi akangoja, maji mkononi, labda nina jina lingine la kuongeza. Ningeongeza moja tu, la Igoki. Nikafunga mdomo, na maji yakamwagwa.

Igoki akainuka. Haki, nilikuwa nimeandaa majibu ya kila tusi. Akaja mpaka mbele, akatoa kwenye kiondo soksi ndogo za sufu alizofuma huko alikokuwa, akamvalisha mtoto mguu mmoja, halafu wa pili.

"Huku juu kuna baridi," akaniambia. "Tamara. Ni jina zuri."

Akatoka, akavuta mlango polepole mtoto asiamke.

Ngai, nilijichukia! Nilimfuata kasisi nikilia, nikamwomba aongeze Igoki. "Mtu habatizwi mara mbili, Mama Tamara," akasema.

Leo nimeenda makaburini kuomba msamaha. Nimemkuta ameketi juu ya kaburi lake, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anafuma. Nimepiga magoti. Nimeshika tu ile sufu. Ni soksi tena, kubwa kuliko zile.

"Hizi ni za nani, mama?"

"Ni za Tamara," akasema. "Kwani hatakua?"